Si kila kichwa kikubwa cha mtoto ni maji

KICHWA cha mtoto mchanga kinapokua kupita kiasi, wengi husema ni maji. Aghalabu ni kweli, lakini mara chache chanzo huwa ni kasoro ya mishipa ya damu ubongoni, ambayo tiba yake ni tofauti.

Kwa kawaida ateri huleta damu kwa nguvu, kapilari huipunguza kasi, kisha vena huirudisha moyoni. Penye kasoro, ateri humwaga damu moja kwa moja katika vena. Kasoro ya mshipa wa Galen, ulio katikati ya ubongo, hutokea mimba ikiwa na majuma 6 hadi 11.

Dalili hutegemea umri. Aliyezaliwa karibuni huhema upesi na kutokwa jasho anaponyonya, kwani moyo umelemewa. Mwenye miezi kadhaa hupanuka kichwa na mishipa ya uso hutokeza. Aliyekua zaidi huumwa na kichwa, hupatwa na kifafa au huvuja damu ubongoni.

Tiba kuu ni kuziba. Daktari hupitisha mrija mwembamba katika ateri ya paja hadi ubongoni, kisha hutia gundi maalumu. Moyo ukistahimili kwa dawa, kazi hiyo hungojewa hadi mtoto atimize takriban miezi 5. Kumwekea mtoto huyo mrija wa kuondoa maji kabla ya kuziba kwaweza kumletea kifafa au kuvuja damu. Ndiyo sababu picha hutangulia upasuaji. Mwezi Machi 2023, madaktari wa Boston, Marekani, waliziba kasoro hiyo mtoto akiwa bado tumboni.

Kwa mzazi wa Kibuyuni, kaunti ya Kwale, hatua ya kwanza ni utepe wa kupimia kichwa kliniki. Kipimo kimoja hakitoshi. Vipimo vya miezi tofauti ndivyo huonyesha kasi. Utosi ukiwa bado wazi, picha ya altrasaundi hupigwa kupitia hapo bila maumivu. Kutoka zahanati, rufaa huelekea Msambweni, kisha Hospitali Kuu ya Pwani, Mombasa. Uzibaji haufanywi kila hospitali ya rufaa, hivyo siku zinazopotea nyumbani, degedege ikidhaniwa kuwa ni pepo tu, ni vigumu kuzifidia.