Vitabu, Kusoma, na Nyakati Zilizopita za Kiingereza Katika Vunjo

Wasomaji wengi wa gazeti hili wanao watoto shuleni, nao wamewasikia jioni, mama akipika, wakikariri maneno ya Kiingereza kwa sauti kama ya watu wanaohesabu mikungu: write, wrote, written, begin, began, begun, read, read, read. Mzee mmoja wa hapa Kirua Vunjo, aliyekuwa ameketi nje akimsikiliza mjukuu wake, aliniuliza, "Mwalimu, mbona hawa Waingereza jambo moja lililokwisha pita wanalisema kwa maneno matatu? Na hili la mwisho mbona ni lile lile mara tatu?" Nilimwahidi jibu. Siku ile sikumpa, kwa sababu jibu lake ni habari ndefu, nalo limeshikamana na habari za mlima wetu.

Yafaa ijulikane kwanza kwamba Kiingereza kilifika Kilimanjaro mara mbili. Johannes Rebmann, aliyeiona theluji ya mlima tarehe 11 Mei 1848, alikuwa Mjerumani, walakini alitumwa na chama cha misheni cha Waingereza, na habari zake zilisomwa London, ambako wenye elimu wengine walimcheka kwamba theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Mwaka 1885 chama hicho hicho kiliweka kituo Moshi kwa Mangi Rindi, ambaye wageni walimwita Mandara. Rindi akafa mwaka 1891, akatawala Meli mwanawe. Mwaka 1892 Meli akapigana na Wadachi, na afisa wao von Bülow akauawa. Ndipo Wadachi wakawashuku wamisionari wa Kiingereza kwamba wamewatia moyo watu wa Moshi, na Waingereza wakalazimika kuondoka mwaka ule ule. Mwaka uliofuata wakaja Walutheri wa Leipzig. Mapadre wa Roho Mtakatifu walikuwa wamekwisha anza kazi Kilema, jirani zetu, ambako Mangi Fumba aliwapokea.

Basi tangu 1892 hata Machi 1916, majeshi ya Waingereza yalipoingia Moshi, ni miaka 24. Katika miaka hiyo mtoto wa Vunjo aliyejifunza kusoma alisoma Kichagga au Kiswahili, na wachache walionja Kidachi. Kama Meli na Wadachi wasingalipigana, pengine babu zetu wangaliisoma "wrote" na "written" mapema zaidi. Haikuwa hivyo.

Walakini wale wachache waliosoma Kidachi walikuwa na ufunguo mkononi, ingawa sidhani kwamba wengi waliujua. Mdachi husema lesen, las, gelesen kwa kusoma, na schreiben, schrieb, geschrieben kwa kuandika. Tazama jinsi sauti ya katikati inavyogeuka, kama vile i ya "write" inavyogeuka kuwa o katika "wrote". Hii si bahati. Katika karne ya 5 makabila ya Waangli na Wasaksoni yalivuka bahari kutoka pwani ya kaskazini ya Ujerumani na nchi ya Denmark, wakakaa Uingereza, na lugha waliyokwenda nayo ni ndugu ya Kidachi. Kugeuza sauti ya ndani ya kitenzi ili kuonyesha wakati uliopita ni desturi ya ukoo huo mzima. Kutia -ed mwishoni ndiyo njia nyingine, nayo ndiyo inayotumika kwa kila kitenzi kipya. Ndiyo sababu "print", neno lililotoka kwa Wafaransa, likawa "printed" tu bila taabu, lakini "write", neno la kale, likabaki na ukaidi wake. Maneno ya kale ni kama vihamba vya zamani: mipaka yake haikunyoshwa kwa kamba ya mpimaji.

Na "read"? Hili ndilo alilouliza mzee. Kwa macho ni neno moja, kwa masikio ni mawili: la sasa hutamkwa "riid", la wakati uliopita hutamkwa "red". Zamani za Mfalme Alfred, aliyetawala tangu 871 hata 899 na kusimamia kazi ya kufasiri vitabu vya Kilatini kwa lugha ya watu wake, yale maumbo mawili yaliandikwa mbalimbali. Umbo la wakati uliopita lilikuwa na d mbili, na kwa ajili ya uzito huo sauti iliyotangulia ikafupizwa. Baadaye, kati ya karne ya 15 na ya 17, Waingereza wakageuza matamshi ya sauti zao ndefu, na neno la wakati wa sasa likapanda mpaka "riid", lakini lile fupi halikupanda nalo. Jambo hili lilitokea wakati mbaya, maana William Caxton alikuwa amekwisha leta mtambo wa kupiga chapa Westminster mwaka 1476, na wapiga chapa walikuwa wakiyagandisha maandishi huku vinywa vya watu vikiendelea kutembea. "Lead", yaani kuongoza, lilipata bahati likaandikwa "led" kwa wakati uliopita. "Read" halikupata bahati hiyo. Kwa hiyo mwanafunzi akiona kitabuni "I read" peke yake, hata Mwingereza mwenyewe hawezi kumwambia alitamke vipi mpaka waone maneno yanayofuata. Msimcheke mtoto anayekosea hapa.

Baada ya 1916 Kiingereza kilirudi, safari hii pamoja na serikali. Idara ya Elimu ya Tanganyika ilianzishwa mwaka 1920. Kiswahili ndicho kilichofanywa lugha ya shule za chini, na mwaka 1930 ikaanza kazi Kamati ya Lugha iliyokisanifisha kwa msingi wa Kiunguja. Kiingereza kilifundishwa katika shule za juu zaidi, kama ile ya serikali ya Old Moshi. Huku kwetu palikuwa na sauti nyingine, ya Bruno Gutmann, aliyefika mlimani mwaka 1902 na kufanya kazi Old Moshi miaka mingi hata 1938. Yeye aliishikilia lugha ya Wachagga, kwamba ndiyo iliyobeba maisha yao. Watu wengi wa zamani zile walimwona kuwa anawazuia watoto wao njia ya kazi na mshahara. Nami nisingalipenda shule isiyo na Kiingereza. Lakini kadiri ninavyofundisha nyakati hizi zilizopita, ndivyo ninavyoona kwamba jambo moja alilolishikilia Gutmann lilikuwa na maana kubwa kuliko walivyodhani waliomjibu.

Sikilizeni. Mtoto wa Kirua Vunjo haingii darasani akiwa mtupu. Kivunjo kinazo nyakati zilizopita nyingi kuliko Kiingereza! Kitenzi chetu kinaweza kueleza kwamba jambo limetokea leo hii, au jana, au zamani sana, na kila moja ina alama yake ndani ya neno lenyewe. Mwaka 1990 wanaisimu wawili, Joan Bresnan na Lioba Moshi, ambaye Kivunjo ni lugha yake ya kuzaliwa, walitoa makala juu ya vitenzi vya Kibantu ambayo wataalamu wa lugha wangali wakiitumia, na Kivunjo ndicho kilichokuwa mfano wake mkubwa. Mwaka 1994 Profesa Steven Pinker akakitaja katika kitabu chake kilichosomwa ulimwenguni kote, ili kuonyesha jinsi kitenzi kimoja kinavyoweza kubeba mzigo wa sentensi nzima. Lugha ambayo watoto wengine walivishwa kibao shingoni kwa kuinena uani mwa shule, imekwenda kufundisha maprofesa.

Basi taabu iko wapi? Iko katika swali ambalo kila lugha huuliza. Kivunjo huuliza: jambo hili ni la lini, ni mbali kiasi gani? Kiswahili hupenda kuuliza: je, limekwisha kupita tu, au matokeo yake yapo hapa? Kwa hiyo twasema "nilisoma" na "nimesoma". Kiingereza nacho kina "I read" na "I have read", na mwalimu mvivu huandika ubaoni kwamba -li- ni hili na -me- ni lile, akapangusa chaki mikononi akaenda zake. Lakini si sawasawa. Mswahili aweza kusema "nimekisoma kitabu hiki jana" bila mtu kushtuka. Mwingereza hakubali "I have read this book yesterday" kamwe, maana kwake neno "jana" limekwisha funga mlango wa wakati, na "have" hutaka mlango uwe wazi. Kosa hili nimelisahihisha katika madaftari zaidi ya mia.

Ndipo lipo lile la tatu, "I had read", yaani "nilikuwa nimesoma", jambo lililotangulia jambo jingine. Hili lina bei yake, na nyumbani kwetu tulilipa. Nilipokuwa mwanafunzi katika shule moja ambayo sitaitaja, niliazima kitabu cha hadithi, kikapotea majuma mawili, kisha nikakiona nyuma ya gunia la mahindi. Nilikirudisha siku ambayo mwalimu hakuwapo, nikakiweka rafuni, nikamwachia kiranja barua ya kuomba radhi kwa kuchelewa. Nilitaka kusema, "Nilikuwa nimekipoteza kitabu." Nikaandika, "I have lost the book." Kwa Kiingereza maana yake ni kwamba kimepotea hata sasa. Mwalimu akasoma, akaandika jina langu katika orodha ya wadaiwa. Kujitetea kwa Kiswahili kulikatazwa, na kwa Kiingereza sikuweza, kwa kuwa kila nilipofungua kinywa nilirudia neno lile lile lililonifunga. Mama akapeleka mkungu wa ndizi gulioni, akalipa. Muhula uliofuata kitabu kikaonekana rafuni nilipokiweka. Fedha hazikurudi. Hata leo nikifundisha "had", mkono wangu huandika herufi ile d kubwa kuliko inavyostahili.

Nikarudi kwa vitabu, maana humo ndimo nilimojifunza hatimaye, wala si katika kukariri. Msimulizi wa Kiswahili huanza na -li- mara moja, kisha hupanda juu ya -ka- kama mtu apandaye gari: alikwenda, akaona, akachukua, akarudi. Ile -ka- haina haja ya kutaja wakati tena. Mwingereza hana kitu kama hicho. Yeye hutaja wakati uliopita katika kila kitenzi: he went, he saw, he took, he came back. Mtoto wetu asiyeambiwa hivyo huandika "he went and see and take," na mwalimu humwita mzembe, kumbe mtoto anatafuta -ka- katika lugha isiyo nayo.

Hapo ndipo vitabu vya zamani vinanisaidia. Frederick Johnson, katibu wa kwanza wa ile Kamati ya Lugha, alikuwa mfasiri pia; hadithi ya Rider Haggard juu ya machimbo ya Mfalme Sulemani ilitoka kwa Kiswahili mwaka 1929 kwa jina la Mashimo ya Mfalme Sulemani, na ile ya Stevenson ikaitwa Kisiwa Chenye Hazina. Mwalimu mwenye bahati ya kuvipata kwa lugha zote mbili aviweke mezani sambamba. Wanafunzi watafute kila -ka- ya Kiswahili, kisha watazame upande wa pili Mwingereza ameandika nini. Nimefanya hivyo, na kelele za darasa zilikuwa kama za watu wawindao. Jambo wasilolipenda ni kwamba hakuna kanuni moja. Penye "alikuwa ame-" Mwingereza mara huandika "had", mara huacha, kwa sababu neno "before" au "after" limekwisha fanya kazi hiyo.

Neno "kusoma" lenyewe hutupoteza pia. Zamani za misheni "msomaji" alikuwa mtu ajifunzaye dini, na "kusoma" kulikuwa ni kuingia darasa la ubatizo. Sasa twasema "alisoma Old Moshi" kwa maana ya kwamba alikuwa mwanafunzi huko. Kijana akifasiri "I read at Old Moshi," Mwingereza atauliza alisoma kitabu gani. Hapo yafaa "studied", au "went to school". Na "kuazima" kwetu ni kutoa na kupokea vilevile. Kwake "lent" na "borrowed" ni watu wawili wanaotazamana.

Tangu 1967 masomo ya shule za msingi za serikali kwa kawaida hufundishwa kwa Kiswahili, na sekondari kwa Kiingereza. Kwa hiyo mtoto wa miaka kumi na minne huvuka mto huu karibu kwa siku moja: jana alieleza kwa Kiswahili jinsi mifongo yetu inavyoleta maji kutoka msituni, leo atakiwa aeleze kwa Kiingereza, na akikosea wakati wa kitenzi hupoteza alama ya somo ambalo alilijua. Wazazi huniuliza wafanye nini. Husema nao juu ya kitabu kimoja chepesi cha hadithi, kisomwe kwa sauti nyumbani, hata kama baba na mama hawajui neno. Na baada ya kila ukurasa mtoto asimulie kwa Kivunjo yaliyotokea. Akisimulia kwa Kivunjo atalazimika kuamua kama jambo ni la leo, la jana, au la kale, na kwa kuamua hivyo atakuwa amekwisha fikiri juu ya wakati kabla hajaandika Kiingereza.

Yule mzee nilimrudia Jumapili iliyofuata, nikamweleza habari ya Caxton na ya "riid" na "red". Alifikiri kidogo, akamwita mjukuu wake, akamwamuru asome tena yale maneno matatu, naye akawa akimtazama kinywani.