Makosa ya trafiki: Yale ambayo mwenye gari hapaswi kuificha kampuni ya bima

Katika mahakama za Nakuru, Naivasha na Molo, kesi za trafiki ni miongoni mwa zile zinazomalizika upesi kabisa. Dereva husomewa mashtaka, hukiri, hulipa faini na kurejea barabarani kabla ya saa sita mchana.

Wengi huamini kwamba shauri limekwisha hapo. Kwa upande wa mahakama, ni kweli. Kwa upande wa bima ya gari, huenda ndipo linapoanza, kwa sababu kukiri kosa ni kupatikana na hatia, hata kama faini ilikuwa ndogo na hakuna aliyejeruhiwa.

Fomu ya kuomba bima ya gari, ambayo wenye magari wengi hutia sahihi bila kuisoma, kwa kawaida huwa na swali linalohusu jambo hili. Mwombaji huulizwa iwapo yeye, au mtu mwingine yeyote atakayeliendesha gari hilo, amewahi kuhukumiwa kwa kosa la uendeshaji katika kipindi fulani kilichopita, mara nyingi miaka mitano. Huulizwa pia kama leseni yake imewahi kusimamishwa, na kama kuna kesi ambayo haijaamuliwa.

Nchini Uingereza, ambako sheria nyingi za bima za Kenya zina asili yake, jibu la swali hilo huhesabiwa kwa alama. Dereva anayepita kasi iliyowekwa hutiwa alama zisizopungua tatu katika leseni yake, na akikusanya 12 ndani ya miaka mitatu hupigwa marufuku kuendesha. Kampuni za bima huko huuliza idadi ya alama hizo na kupandisha ada kulingana nazo.

Kenya nayo imekuwa na mpango wa alama za namna hiyo. Leseni mpya zilizoanza kutolewa mwaka 2017 na Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama, NTSA, zilibuniwa zikiwa na chipu ya kuhifadhi habari za dereva, na ilielezwa kwamba makosa yangepunguza au kuongeza alama hadi leseni isimamishwe.

Hapa ndipo madereva wengi hupotoka. Husema kwamba kwa kuwa leseni yao haina alama yoyote, hawana la kutangaza. Lakini fomu ya Kenya haiulizi alama. Inauliza hukumu, kusimamishwa kwa leseni na mashtaka. Mtu aliyetozwa faini kwa kuendesha kwa kasi mno au bila uangalifu ana jambo la kujibu, leseni yake iwe safi jinsi gani.

Sababu nyingine ya kupuuza swali hilo ni namna ada inavyokadiriwa. Bima kamili ya gari la kibinafsi hutozwa kwa asilimia ya thamani ya gari, na ile ya kulinda watu wengine pekee huwa na kiwango maalum. Mwenye gari huona kwamba kinachopimwa ni gari, si yeye, na hilo haliwezi kulaumiwa sana kwani wakala mwenyewe huuliza nambari ya usajili na mwaka wa kuundwa, kisha akanyamaza.

Sheria hata hivyo humpima dereva pia. Sheria ya Bima ya Magari dhidi ya Hatari kwa Watu Wengine, yaani Sura ya 405, yaeleza kwamba jambo la maana ni lile ambalo lingeathiri uamuzi wa mtoaji bima mwenye busara anapoamua kama atalichukua jukumu, kwa ada gani na kwa masharti gani. Si lazima jambo hilo liwe ndilo lililosababisha ajali. Dereva aliyenyamazia hukumu ya kuendesha akiwa mlevi hawezi kujitetea kwa kusema kwamba siku ya ajali hakuwa ameonja hata tone.

Katika Bonde la Ufa la kati, mtoaji bima mwenye busara ana sababu tele za kutaka kujua ni nani anayeshika usukani. Barabara kuu inayotoka Naivasha kupitia Gilgil na Nakuru, kisha kupanda Salgaa na Sachangwan hadi Mau Summit, hubeba malori ya kwenda Uganda pamoja na matatu, magari ya wakulima na pikipiki. Januari 31, 2009, zaidi ya watu 100 waliangamia Sachangwan lori la mafuta lilipoanguka na kuwaka moto. Mkesha wa Mwaka Mpya wa 2018, watu 36 walifariki basi na lori vilipogongana Migaa. Juni 30, 2023, lori liliwaua zaidi ya watu 50 katika makutano ya Londiani, upande wa Kaunti ya Kericho.

Wajibu wa kueleza mambo haya bila kuulizwa mara mbili hutokana na kanuni ya kale ya nia njema kabisa. Jaji Mansfield wa Uingereza aliieleza mwaka 1766 katika kesi iliyohusu bima ya ngome moja kisiwani Sumatra: mwombaji ndiye ajuaye habari zake, na mtoaji bima humwamini. Waingereza wenyewe wamekwisha kuilegeza. Kwa sheria yao ya mwaka 2012, mtu anayenunua bima ya matumizi yake binafsi anatakiwa tu kuwa mwangalifu asitoe jibu la uongo. Mkenya asijipe moyo kwa mageuzi hayo, kwani si sheria ya nchi yake.

Tuseme mkulima wa Mau Narok ana pikapu ya kupeleka karoti sokoni Nakuru. Miaka miwili iliyopita alitozwa faini kwa kuendesha bila uangalifu. Alipokata bima, sehemu ya hukumu zilizopita ilijazwa neno "hakuna". Sasa amemgonga mtu aliyekuwa akitembea kando ya barabara karibu na Njoro, na mahakama imeamuru majeruhi alipwe Sh1.8 milioni.

Kuhusu pikapu yenyewe, kama bima ilikuwa kamili, kampuni ikithibitisha kwamba ilifichwa jambo la maana yaweza kuubatilisha mkataba na kukataa kuitengeneza. Palipo udanganyifu, hata ada iliyolipwa haina hakika ya kurudi.

Kuhusu majeruhi, mambo ni tofauti. Sura ya 405 ilitungwa kwa ajili yake. Kifungu cha 10 huilazimu kampuni kulipa hukumu ya mahakama hata kama ina haki ya kuuvunja mkataba, mradi iwe imepewa notisi ya kesi kwa wakati. Kiasi ambacho sheria inailazimu kampuni kukikatia bima, kwa dai la mtu mmoja, ni Sh3 milioni.

Mlango mmoja tu umeachwa wazi kwa kampuni. Ni lazima iende mahakamani na kupata tamko kwamba ina haki ya kuubatilisha mkataba kwa sababu ulipatikana kwa kuficha jambo la maana au kwa maelezo ya uongo. Kesi hiyo sharti ifunguliwe kabla ya kesi ya majeruhi kuanza, au ndani ya miezi mitatu baada ya kuanza kwake. Majeruhi pia sharti ajulishwe, na aelezwe ni jambo gani linalodaiwa kufichwa. Mzigo wa kuthibitisha ni wa kampuni.

Ikishinda, haidaiwi hata senti. Majeruhi hubaki na hukumu dhidi ya mkulima peke yake, na mawakili wake wataanza kutafuta ng'ombe, shamba au pikapu yenyewe ili vipigwe mnada. Ikichelewa, italipa, kisha itamgeukia mkulima imdai kile ambacho haingelipa kama si kwa shuruti ya sheria. Kwa njia yoyote ile, deni humrudia yeye. Tofauti ni kwamba katika njia ya pili majeruhi ameshapata pesa za matibabu.

Kuna vikwazo vingine ambavyo kampuni haiwezi kuvitumia dhidi ya mtu aliyeumia. Kifungu cha 16 cha sheria hiyo huviondolea nguvu vipengele vinavyohusu umri au afya ya dereva, hali ya gari na idadi ya abiria, kati ya mengine. Kuficha habari wakati wa kuomba bima hakumo katika orodha hiyo.

Mkulima wetu aweza kulalamika kwamba si yeye aliyeandika "hakuna", bali wakala. Ni malalamiko ya kawaida, kwa kuwa fomu nyingi hujazwa na wakala huku mteja akingoja kaunta. Mwaka 1929 Mahakama ya Rufaa ya Uingereza iliamua kesi ya namna hiyo kuhusu bima ya basi. Wakala alielezwa ukweli na mteja lakini akaandika majibu yasiyo sahihi, na mteja akatia sahihi. Majaji walisema kwamba wakala alipokuwa akijaza fomu alikuwa kalamu ya mteja, wala si sikio la kampuni. Uamuzi huo haulazimu mahakama za Kenya, lakini ni wa aina ambayo mawakili wa kampuni hupenda kuutaja. Aliyetia sahihi ndiye aliyesema.

Chini ya fomu mara nyingi huwa na maneno machache yanayosema kwamba majibu yote ndiyo msingi wa mkataba. Maneno hayo yana uzito kuliko ukubwa wa herufi zake. Mwaka 1922, katika kesi ya lori lililoteketea Scotland, wenye lori walikuwa wameandika anwani isiyo sahihi ya mahali lilipolazwa. Kosa hilo halikuwa na maana yoyote kwa hatari yenyewe, lakini walipoteza kwa kuwa waliahidi kwamba majibu ni kweli. Uingereza imeifuta athari ya maneno hayo.

Faini za papo hapo nazo huleta utata. Kanuni za mwaka 2016 ziliorodhesha makosa madogo na faini zake, kwa mfano Sh500 kwa anayezidisha kasi kwa kilomita sita hadi 10 kwa saa, na Sh10,000 kwa anayezidisha kwa kilomita 16 hadi 20. Je, malipo hayo ni hukumu? Jibu hutegemea maneno ya fomu. Inayouliza kuhusu "kosa lolote" ni pana kuliko inayouliza kuhusu "kuhukumiwa mahakamani". Penye shaka, kuandika mstari mmoja zaidi hakumgharimu mwombaji kitu kikubwa. Faini moja ya mwendo wa kasi haielekei kumfanya anyimwe bima, ilhali kuificha kwaweza kumfanya akose fidia.

Wajibu huu haumhusu mwenye gari peke yake. Mwenye matatu ya Nakuru na Naivasha, au shamba la maua lenye malori, huulizwa kuhusu madereva. Mwajiri asiyewahi kumuuliza dereva wake kama ameshtakiwa hujibu swali asilolijua, na akimbadilisha dereva katikati ya mwaka ni vyema aangalie kama mkataba unamtaka atoe taarifa.

Mkataba wa bima unapoisha na kuanza upya, wajibu huanza upya pia. Aliyehukumiwa mwezi Machi na kulipia bima mpya mwezi Juni anapaswa kueleza mwezi Juni, hata kama hakupewa fomu nyingine. Kwa magari ya abiria yanayolipiwa mwezi kwa mwezi, hilo hutokea mara 12 kwa mwaka.

Tangu mwaka 2020 vyeti vya bima vimekuwa vikitolewa kwa njia ya kidijitali, na polisi huweza kukagua uhalali wake kwa simu. Ukaguzi huo huonyesha kwamba cheti kipo. Hauonyeshi iwapo majibu yaliyokizaa yalikuwa ya kweli, na mara nyingi hakuna anayeyachunguza hadi siku dai linapowasilishwa.

Mtu aliyekwisha kuacha jambo anaweza kuiandikia kampuni kabla ya ajali kutokea. Kampuni yaweza kuongeza ada, kuweka masharti au, kwa nadra, kukatisha mkataba, lakini ikiendelea kupokea ada huku ikijua ukweli, itapata taabu baadaye kudai kwamba ilifichwa. Barua hiyo iwe na tarehe, na nakala yake ipigwe muhuri wa kupokelewa. Anayeona kwamba amenyimwa fidia bila haki aweza kupeleka malalamiko kwa Mamlaka ya Kusimamia Bima, IRA, au kwenda mahakamani, na katika sehemu zote mbili karatasi ya kwanza itakayoombwa ni nakala ya fomu aliyoitia sahihi.