Chakula cha Asili ni Kipi, Mjomba?

Mpwa wangu alizaliwa Mombasa lakini akakulia Marseille, mji wa bandari kusini mwa Ufaransa. Agosti iliyopita alirudi kwa likizo, na siku ya pili tu akanijia na simu mkononi na swali mdomoni.

"Mjomba, kule kwetu mgeni akija tunampitisha mji wa kale, Le Panier, halafu tunamlisha supu ya samaki na panisse. Rafiki yangu akija hapa nimlishe nini? Sitaki pilau, pilau si yetu. Sitaki chapati, hiyo ya Wahindi. Chakula cha asili cha Mombasa ni kipi?"

Nikamwambia avae viatu. Swali kama hilo halijibiwi umekaa kitako.

Tulianzia Buxton. Ukitoka Nyali kwa matatu na kuvuka daraja, Buxton ndiyo inayokupokea kisiwani. Wageni huipita bila kugeuza shingo, macho yao yako Ngomeni. Lakini shangazi yangu, ambaye mpwa wangu humwita nyanya, aliishi hapo miaka mingi katika zile nyumba za zamani za kupanga, na kila asubuhi alikaanga mahamri mlangoni pake. Nilitaka kijana aone mahali penyewe. Hapakuwa na cha kuona. Nyumba zile zilibomolewa mwanzoni mwa miaka ya 2020, na sasa pamesimama maghorofa mapya, marefu, yenye roshani na lango la walinzi. Nilijaribu kumwonesha mlango ulipokuwa, nikashindwa. Nilikuwa nikipima kwa mwarobaini, na mwarobaini nao haupo.

"Sasa hapa historia iko wapi?" akaniuliza.

Nikamwambia tuendelee, tutarudi hapo.

Tulipokuwa tukishika barabara ya Abdel Nasser kwenda Marikiti, nilianza kumpa habari za mgeni wa zamani zaidi. Mwaka 1331, Ibn Battuta, mtu wa Tanja, mji ulio mlangoni mwa bahari ya Mediterania, alilala Mombasa usiku mmoja akielekea Kilwa. Usiku mmoja tu, lakini aliandika tulichokula. Alisema watu wa kisiwa hiki hawalimi nafaka, huletewa kutoka pwani ya bara; chakula chao kikubwa ni ndizi na samaki. Alitaja malimau. Na alitaja tunda moja linalofanana na zeituni, lenye kokwa kama ya zeituni, ila ni tamu sana.

"Zambarau!" mpwa wangu akaruka. Alikuwa amezila jana yake, ulimi ungali na rangi.

Wengi tunaamini ndizo hizo. Mtu wa kwao huona zeituni kila mahali. Ukimpa zambarau atakwambia ni zeituni iliyotiwa sukari. Tusimcheke. Mpwa wangu naye alipoona bajia za dengu kwa mara ya kwanza alisema, "Aa, panisse!"

Basi hebu tuichukue ile sahani ya 1331 kuwa ndiyo "asili". Ndizi, samaki, limau. Tukiwa wakali kama alivyotaka kijana, tutamlisha rafiki yake hivyo na tumuage. Lakini hata hapo hatujafika. Ndizi chimbuko lake ni Asia ya Kusini-Mashariki, ilivuka bahari kabla hatujaanza kuandika. Limau ni la Asia vilevile. Tukizidi kukaza kamba, kijana atabaki na samaki mtupu.

Marikiti tulifika saa nne. Soko hili Waingereza walilijenga mwaka 1914 na kulipa jina la Mackinnon. Jina hilo limebaki kwenye makaratasi, mdomoni halikukaa. Humo ndani mlikuwa na harufu ya bizari, embe mbivu na majani ya mchaichai. Nilimpa mpwa wangu kazi: kila kitu anachokiona, akiulize kimetoka wapi.

Pilipili mbuzi, nyekundu na za manjano. Zilitoka Marekani ya Kusini. Nyanya, muhogo, viazi, mahindi: vyote vilitoka Marekani, na havikuwahi kuonekana upande huu wa dunia kabla ya Columbus kuvuka Atlantiki mwaka 1492. Ibn Battuta hakuviona. Mwenyeji wake wa Mogadishu, aliyemkaribisha wali uliopikwa kwa samli, alimwandalia pia ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na pembeni achari ya malimau, tangawizi mbichi na maembe. Soma orodha hiyo kwa mtu yeyote wa Mji wa Kale na atakuuliza harusi ilikuwa ya nani. Kachumbari ya nyanya, ambayo leo hakuna pilau bila yake, haikuwapo.

Maneno yenyewe yanatudanganya, na wakati mwingine yanasema kweli. Mahindi tumeyaita hivyo kana kwamba yalitoka Hindi, ilhali yalitoka Marekani. Pilipili ni neno la kale la pilipili manga, likahamia kwa mgeni mwekundu alipofika. Nanasi na pera ni maneno ya Kireno. Meza tunayolia ni ya Kireno. Lakini neno ninalolipenda kuliko yote ni la kachri bateta, ule mchuzi mzito wa viazi wenye ukali wa limau ambao watoto wa shule hupigania. Batata lilikuwa neno la watu wa visiwa vya Karibi. Wareno wakalichukua, wakalifikisha Gujarati, Wagujarati wakaja nalo Mombasa, bateta. Neno limezunguka nusu ya dunia likatua kwenye bakuli la plastiki pale kwenye kona.

"Kwa hiyo hakuna chetu," mpwa wangu akasema. Sauti ilikuwa ya mzaha lakini niliona limemgusa. Kule Ufaransa huulizwa mara kwa mara ametoka wapi hasa. Alitaka aje na jibu moja lisilo na nyuzi zinazoning'inia.

Sikumjibu. Tukaingia Ndia Kuu.

Mji wa Kale mchana huwa umefunga madirisha. Milango ya nakshi, balkoni za mbao, na kwa ndani sauti ya mchi na kinu. Tulipita msikiti wa Mandhry, ambao husemwa ulianzishwa mwaka 1570, na mnara wake mweupe. Eneo hili lilitangazwa kuwa la hifadhi mwaka 1990. Ukitaka kubadilisha mlango wako hapa, inabidi uombe ruhusa. Tukatokea Ngomeni.

Vasco da Gama alitia nanga Mombasa mwezi wa Aprili 1498. Kitabu cha safari yake kinasema mfalme wa Mombasa alimpelekea kondoo, machungwa na malimau mengi, na miwa. Mabaharia wake walikuwa wakioza fizi kwa kukosa matunda, na hapa wakapata afuweni. Fikiria basi: chakula cha kwanza cha Mombasa kuingia midomoni mwa Wareno kilikuwa dawa. Mambo hayakwenda vizuri baada ya hapo, kila upande ukimshuku mwenzake, na miaka saba baadaye, mwaka 1505, kundi la meli za Francisco de Almeida likaja likauteka mji, likaupora na kuuchoma.

Ngome yenyewe ilianza kujengwa mwaka 1593. Aliyeichora ni Giovanni Battista Cairati, Mwitaliano wa Milan, akimtumikia Filipo, mfalme aliyetawala Hispania na Ureno kwa pamoja. Mpwa wangu aliposikia hilo alisimama akaziangalia zile kuta zilizopinda kwa pembe kali. "Ngome za kwetu ziko hivi hivi," akasema. Sawasawa. Ni ujuzi wa bandari za Mediterania uliosafirishwa na kujengwa juu ya matumbawe ya Mombasa.

Waomani waliizingira kutoka 1696 hadi Desemba 1698, karibu miezi thelathini na mitatu. Njaa na maradhi viliua ndani mle kuliko mizinga. Ngome yote ile, na mwisho wake ulitegemea nani ana mchele. Waingereza nao wakaigeuza jela kuanzia 1895 hadi 1958, na hapo historia ikafanya kichekesho chake: gereza ni neno lililotokana na igreja, kanisa kwa Kireno. Makumbusho yalifunguliwa mwaka 1960, na mwaka 2011 UNESCO ikaitia ngome katika orodha ya urithi wa dunia.

Jioni tulikaa nje, kwenye mabenchi. Viazi vya karai na ukwaju, mishikaki, muhogo wa kuchoma uliopakwa pilipili na ndimu. Muuza kahawa akapita akigonganisha vikombe, dele mkononi na makaa chini yake. Kahawa chungu na kipande cha halua: huo ndio Uomani ulioshinda vita vya 1698, umekaa kwenye sahani ya chai.

Hapo nikamrudisha Buxton.

Nilimwambia hivi. Jina Buxton ni la ukoo wa Uingereza uliojulikana kwa kupinga utumwa. Wamisionari wa CMS walikuwa na shule ya jina hilo hapa. Lakini watu waliokuja kuijaza mitaa kama ile walikuwa wafanyakazi. Tarehe 13 Januari 1947 wafanyakazi wapatao 15,000 wa bandari, reli na majumbani waligoma, mji ukasimama karibu wiki mbili. Walilia mshahara na walilia makazi, kwa kuwa watu walikuwa wakilala kwa zamu chumba kimoja. Mitaa ya nyumba za kupanga ya kisiwa hiki haiwezi kuelezwa bila kilio kile. Nyumba zilizobomolewa hazikuwa na milango ya nakshi. Zilikuwa na mabati na varanda. Ndiyo maana hakuna aliyetakiwa kuomba ruhusa ya kubadilisha mlango.

Mpwa wangu alinyamaza kidogo, kisha akanieleza jambo la kwao. Januari 1943 Wajerumani, wakishirikiana na polisi wa Ufaransa, waliwatoa watu zaidi ya 20,000 katika mtaa wa kale kando ya bandari ya Marseille, na mwezi uliofuata wakalipua majumba yapatayo 1,500. Walisema ni mtaa wa wahuni. Wengi walikuwa wavuvi, makuli na wahamiaji wa Kiitaliano. Leo watalii hula supu ya samaki karibu na pale pale.

Sifananishi vita vile na ujenzi wa nyumba. Shangazi alipewa notisi na pesa ya kuhamia, na sikatai kwamba mabomba ya zile nyumba yalikuwa yameoza. Ninachosema ni kwamba mji huchagua kuta za kuhifadhi, na mara nyingi huchagua za mwenye ngome na mwenye meli. Aliyebeba gunia kutoka melini huachiwa kumbukumbu azibebe mwenyewe, kwa sufuria.

Kesho yake tulikwenda Kisauni, ng'ambo ya daraja, anakoishi shangazi sasa.

"Ndoo ule, mwanangu, umekonda kama mshipi," akamwambia kijana kabla ya salamu kuisha. Palikuwa na mahamri na mbaazi za nazi. Mpwa wangu akamuuliza yeye lile swali langu. Shangazi akamtazama.

"Asili ya nani? Unga huu wa ngano, nami sijaona shamba la ngano tangu nizaliwe. Hamira ya dukani. Iliki ya Wahindi. Nazi ya Kilifi. Mkono ni wangu, na mkono nilifunzwa na mamangu. Wewe unataka nini zaidi?"

Kisha akamuuliza wao hula nini huko. Kijana akaeleza panisse: unga wa dengu unapikwa kwa maji mpaka ushikane, unaachwa upoe, unakatwa vipande, unakaangwa.

"Kama sima?"

"Kama sima, nyanya."

Shangazi akainuka. Unga wa dengu ulikuwapo, wa kufanyia bajia. Alipika, akamimina kwenye sinia, akaungoja upoe huku akinilalamikia kuhusu maji ya bomba. Alitia bizari na chumvi kidogo bila kuulizwa. Akakata vipande vya pembe nne kama mahamri, akavikaanga katika karai ile ile ya Buxton, iliyobenjuka ukingo mmoja siku ya kuhama. Tukavila na ukwaju.

Mpwa wangu amesharudi Marseille. Juzi shangazi ameniambia majirani zake wanamwagiza vile vipande kila Ijumaa, na wamevipa jina: mapanisi. Baada ya miaka hamsini atakuja mtoto wa mtu kutoka mbali, avile hapo Kisauni, aulize kama ni vya asili.