Nyuzi za Profesa Holmgren

Usiku wa kuamkia tarehe 15 Novemba 1875, treni mbili ziligongana uso kwa uso huko Lagerlunda, kusini mwa Uswidi, na watu 9 wakafa. Kazi yangu ya kupima macho ya watu wanaoomba udereva na uaskari inadaiwa mengi na usiku ule, ingawa deni lenyewe lina utata.

Frithiof Holmgren, profesa wa Chuo Kikuu cha Uppsala, alishuku kwamba kuna mtu aliyechanganya taa nyekundu na nyingine. Mwaka uliofuata akaenda kuwapima wafanyakazi 266 wa reli ya Uppsala hadi Gävle, akapata 13 wenye upofu wa rangi. Hawa ni watu waliokuwa wakiongozwa na taa kila siku, na hakuna aliyejua kwamba wana kasoro. Wasomi waliozichambua upya kumbukumbu za ajali ile wana shaka kubwa kama rangi ndiyo iliyoua. Mimi naungana nao. Lakini wale 13 walikuwepo kweli, na hao wangetosha kumtia hofu abiria yeyote.

Ninachomvulia kofia Holmgren ni namna alivyopima. Hakumwonyesha mtu kitambaa na kumwuliza, “Hii rangi gani?” Asiyeona rangi vizuri amejifunza tangu utotoni kwamba nyasi ni kijani na damu ni nyekundu, na atakujibu bila kusita. Holmgren alimwaga mezani vifundo vya nyuzi za sufu vya rangi nyingi, akampa mtu kifundo kimoja cha kijani hafifu, akamwambia amtafutie vinavyofanana nacho. Mwenye kasoro alirundika kijani pamoja na kijivu na kahawia, kwa mikono yake mwenyewe, huku ameridhika kabisa. Kisha kilifuata kifundo cha zambarau: aliyekosa wekundu alikioanisha na bluu, aliyekosa kijani akakioanisha na kijivu au kijani. Hapo mdomo haukupata nafasi ya kuficha kitu.

Siku hizi tunatumia kitabu cha madoa cha Ishihara Shinobu, daktari wa Japani, ambacho kilitoka mwaka 1917. Changu nakifungia kwenye droo kwa sababu jua hupausha rangi, na simruhusu mtu kupitisha kidole juu ya ukurasa. Nina kibrashi cha kazi hiyo. Namkalisha mteja umbali wa sentimita 75 hivi. Ukurasa wa kwanza una 12, ambayo kila mtu huiona, hata asiyeona rangi. Huo ni wa kumkamata anayejifanya haoni. Ukurasa wa pili wengi wetu tunasoma 8, na mwenye kasoro ya nyekundu na kijani husoma 3. Anaisoma kwa sauti ya mtu mwenye uhakika.

Sababu iko nyuma ya jicho, kwenye retina. Kuna seli ziitwazo koni, milioni 6 hivi, za aina tatu, na kila aina hupokea vizuri zaidi sehemu yake ya mwanga. Rangi tunayoiona ni ubongo kulinganisha taarifa za aina hizo tatu. Maagizo ya kutengeneza koni mbili kati ya hizo, za nyekundu na za kijani, yamo kwenye kromosomu X, na mwanamume anayo moja tu, aliyopewa na mama. Ndiyo maana nikimpata kijana aliyesoma 3, humwuliza habari za mjomba wake. Mara nyingi anacheka, kwa sababu mjomba ndiye yule anayetaniwa nyumbani kwa mashati yake.

John Dalton, mkemia wa Manchester, alilijua hilo la ukoo tangu mwaka 1794, alipoeleza mbele ya wasomi wenzake kwamba yeye na kaka yake waliona rangi kwa namna moja ya ajabu. Alidhani maji ya ndani ya jicho lake yana rangi ya bluu, akaagiza achunguzwe akifa. Alipofariki mwaka 1844 daktari wake alipasua, akakuta maji meupe kama ya mtu yeyote. Mabaki ya macho yalihifadhiwa, na mwaka 1995 wanasayansi walisoma vinasaba vyake: koni za kijani hakuwa nazo.

Sikio nalo lilikuwa na kazi relini. Ukungu ukifunika taa, wafanyakazi walifunga juu ya reli fataki zilizobuniwa na Mwingereza Edward Cowper mwaka 1841. Gurudumu likipita zinalipuka, na dereva anajua afunge breki. Kwa hiyo usalama wa abiria ulitegemea masikio ya dereva kama ulivyotegemea macho yake. Hata hivyo sikio lilisubiri zamu yake ya kupimwa.

Mwaka 1886 daktari Thomas Barr wa Glasgow aliwapima mafundi wa boila, watu waliogongea misumari ya chuma kwa nyundo, wengine wakiwa ndani ya boila lenyewe. Kifaa chake kilikuwa saa ya mfukoni: je, fundi anasikia tiki-tiki yake kutoka umbali gani? Akawalinganisha na wapeleka barua, na mafundi wakashindwa vibaya. Ndani ya kila sikio mna seli zenye vinyweleo, 15,000 hivi, zinazogeuza mtikisiko kuwa taarifa ya neva. Kelele huziua, na zikifa hazioti tena.

Nyuzi za Holmgren zilienea kwenye reli na meli za nchi nyingi ndani ya miaka michache tu, na aliyezaliwa na kasoro akanyimwa kazi. Kumpima sikio aliyeharibiwa na kazi kulingoja hadi karne iliyofuata. Nadhani ni kwa sababu kiziwi wa karakana hagonganishi treni. Wazee waliochomelea vyuma maisha yao yote hunijia kutaka miwani ya kusomea, nami huwauliza maswali kwa sauti inayosikika mpaka kwa muuza ndizi ng’ambo ya barabara.