Mkubwa hashiki jembe: desturi hiyo ilitoka wapi?

Ninyi wazazi muliohama makwenu, mukienda kutafuta kazi ya kutwa shambani hapa kandokando ya Bunia, mara nyingi msimamizi anakaa kivulini. Watu wanasema: ndiyo desturi yetu Wakongomani, mkubwa hashiki jembe. Mimi siamini. Desturi hiyo ina umri, na sehemu yake kubwa ilikomalia hapa Ituri.

Dhahabu ya Kilo ilipatikana mwaka 1903. Serikali ya wakoloni ililazimisha machifu watoe watu wa kuchimba, na vijiji vilime chakula cha kuwalisha. Juu alikuwa mzungu, katikati kapita, chini mchimbaji. Kapita hakupimwa kwa kile alichojua kufanya, alipimwa kwa watu aliowasukuma. Mtoto aliyeona hayo alijifunza kwamba kupanda cheo ni kuacha kazi. Shirika la Kilo-Moto lilipoundwa mwaka 1926, ngazi hiyo ilikuwa tayari.

Kisha Mobutu. Tarehe 30 Novemba 1973 alitangaza kwamba maduka, mashamba na biashara za wageni zitapewa raia wa Zaire. Dai lenyewe lilikuwa la haki. Lakini wengi waliopewa hawakuchaguliwa kwa kujua kahawa ao ng'ombe. Walikuwa watu wa chama na jamaa zao. Wengine waliuza vitu vilivyokuwa dukani, wakafunga mlango. Kiti kilikuwa zawadi kutoka juu, basi bosi aliangalia juu, hakuangalia kazi. Kule Djugu mashamba na malisho ya wazungu yaliingia mikononi mwa wachache, na ugomvi juu ya ardhi hiyo ulilipuka mwaka 1999. Ninyi munaolala kambini hamuhitaji nieleze mengine.

Katika siasa yake ya kurudia desturi za mababu, Mobutu alileta pia salongo, kazi ya pamoja ya lazima. Ya lazima! Mababu walikuwa na likilimba: leo tunalima kwako, unatupa chakula na kutuonyesha mahali pa kuanzia; kesho tunalima kwangu. Msimamizi wa leo ni mlimaji wa kesho, kwa hiyo anachunga ulimi wake. Wamama wanaofanya likilimba ya pesa wanaijua sheria hiyo: anayeshika daftari naye anatoa franka zake siku ileile, sawa na wengine.