Pumba za mpunga: kutoka jaa la mashine hadi ukuta wa nyumba

Katika maeneo yanayolima mpunga, kuanzia Mwea nchini Kenya hadi Doho mashariki mwa Uganda, Bugarama nchini Rwanda na bonde la Imbo nchini Burundi, marundo ya pumba huonekana kando ya mashine za kukobolea. Aghalabu pumba hizo huchomwa ovyo au hutupwa, kwa kuwa huoza polepole na mifugo hunufaika nazo kidogo. Kwa mjenzi, hata hivyo, taka hiyo ni malighafi.

Matumizi yaliyozoeleka zaidi ni kuchomea matofali. Nchini Tanzania, wafyatuaji wa matofali mkoani Mbeya na Morogoro hutumia pumba badala ya kuni, na hivyo kupunguza ukataji wa miti. Nchini Uganda, maganda ya kahawa nayo hutumika kama nishati katika kiwanda cha saruji cha Hima, wilayani Kasese.

Thamani nyingine imo katika majivu. Tani 1 ya mpunga hutoa takriban kilo 200 za pumba, nazo zikiungua hubakiza karibu kilo 40 za majivu. Sehemu kubwa ya majivu hayo, kati ya asilimia 85 na 95, ni silika. Saruji inapochanganyika na maji, huzalisha chokaa. Silika ya majivu huungana na chokaa hiyo na kuunda gundi ileile inayoshika mchanga na kokoto. Warumi wa kale walitumia kanuni hiyo kwa kuchanganya chokaa na majivu ya volkano.

Majivu yaliyoandaliwa vyema na kusagwa laini yanaweza kuchukua nafasi ya asilimia 10 hadi 20 ya saruji. Kwa kiwango cha asilimia 10, mfuko wa kilo 50 hupunguziwa kilo 5. Kwa hiyo majivu ya tani moja ya mpunga yanatosha kwa mifuko minane. Kwa familia inayojenga kidogo kidogo, nafuu hiyo si haba.

Hata hivyo, si kila jivu linafaa. Jivu jeusi lina kaboni ambayo haijaungua, nayo hudhoofisha mchanganyiko. Moto ukizidi nyuzijoto 700 hivi, silika huanza kugeuka fuwele: uwezo wake wa kuungana na chokaa hupungua, na vumbi lake likivutwa kwa muda mrefu huharibu mapafu. Anayesaga majivu hana budi kuvaa barakoa inayozuia vumbi laini, kwani kitambaa cha kawaida hakitoshi.

Aidha, mchanganyiko huu hukomaa taratibu, hivyo ukuta humwagiliwa maji kwa siku nyingi zaidi. Kwa nguzo na zege la ghorofa, usitumike kabla ya kupimwa maabara na kuidhinishwa na mhandisi.