Uso Wazi, Kichwa Kitupu

Juma hili tunashuka kutoka milima yetu ya Usambara hadi pwani, tukatazame wanawake waliochorwa na wageni katika karne ya 19. Kati ya mwaka 1846 na 1848 nahodha Mfaransa Charles Guillain alizuru Unguja na pwani ya Afrika Mashariki kwa merikebu Ducouëdic. Sura za watu zilinaswa kwa mtambo wa picha, uliokuwa bado mgeni duniani, kisha wachoraji wa Ufaransa wakazigeuza kuwa michoro ya kuchapwa.

Mtazamaji wa leo akikutana na michoro ya namna hiyo, akaona uso wazi, kichwa kitupu na bega lisilofunikwa, hudhani kwamba hivyo ndivyo alivyokuwa mwanamke wa pwani. Hapo ndipo anapopotoka. Katika Unguja ya siku zile kufunika kichwa kulikuwa alama ya uungwana, na mabibi wa majumba ya Kiarabu walivaa barakoa. Mjakazi hakuruhusiwa kujifunika. Alijifunga merikani, au kaniki iliyotiwa rangi ya nili. Basi uso uliokuwa rahisi kuchorwa ulikuwa uso wa asiyeweza kukataa. Bibi mkubwa tusimtafute humo: kutoonekana kwake ndiko kulikokuwa heshima yake. Tena, chini ya michoro mingi ya zama hizo limeandikwa kabila tu. Jina la mama aliyekaa mbele ya mgeni halipo.

Sisi wa Kwai na Lushoto tuna sababu ya kuzitazama nyuso hizo kwa makini. Baada ya kifo cha Kimweri ye Nyumbai mwaka 1862, Wakilindi walipigania urithi wa Vuga, na mateka wengi, wanawake na watoto, waliteremshwa kuuzwa pwani. Mwanamke aliyechorwa huko miaka iliyofuata, akaitwa mtu wa pwani, huenda alizaliwa milimani huku.

Wapo waliojionyesha kwa hiari. Seyyida Salme, binti wa Sultani Seyyid Said, alitoroka Unguja mwaka 1866, akabatizwa na kuolewa na Mjerumani Heinrich Ruete huko Aden mwaka 1867. Katika picha yake mashuhuri iliyopigwa Hamburg amevaa mavazi na mapambo ya binti mfalme, lakini uso u wazi. Nguo zinasema Unguja. Uso unasema Ulaya. Naye, tofauti na wale wengine, alikuwa na majina mawili, na kitabu chake mwenyewe kilichotoka mwaka 1886.

Utumwa ulipoondolewa kisheria Unguja mwaka 1897, waliokuwa wajakazi waliiacha kaniki, wakanunua kanga za rangi na kufunika vichwa vyao. Ndiyo maana katika picha za miaka iliyofuata ni vigumu zaidi kutambua, kwa mavazi peke yake, nani aliwahi kuwa mjakazi na nani bibi.